Mjomba wangu alisamehe deni bila kulipwa: kwa nini Mungu adai damu?

Mwana wa Mwaloni (Kibirizi, Kigoma)

Ndugu zangu, naomba mnivumilie, kwa maana swali langu ni la dini lakini haliwezi kueleweka bila habari ya injini ya boti.

Mjomba wangu ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi. Mwaka 2024, Serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, alivuta vyombo vyake nchi kavu, akashona nyavu, akasubiri. Ziwa lilipofunguliwa mwezi wa Agosti alimkabidhi kijana mmoja wa mtaa wetu kipe kimoja, yaani boti ya kuvulia dagaa, pamoja na injini aliyoinunua kwa akiba ya miaka mingi. Masharti yalikuwa mawili tu: asiingie ziwani upepo wa kusi ukiwa umechachamaa, na asiiwashe injini kabla ya kuifunga kwa kamba ya pili. Usiku mmoja kijana aliyavunja yote mawili. Wimbi lilipopiga tezi, injini iling'oka ikazama mahali ambapo hakuna mzamiaji wa kufika, kwani ziwa letu, kwenye vilindi vyake, lina kina cha zaidi ya mita 1,400.

Waliandikishana kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mashahidi wawili: shilingi milioni tatu na nusu, zilipwe kidogo kidogo kila msimu wa giza, yaani zile siku ambazo mwezi hauonekani na dagaa hufuata taa. Kijana hakulipa hata shilingi. Kila alipomwona mjomba kwa mbali aligeuza njia. Hatimaye, jioni moja, mjomba aliwaita watu wale wale barazani kwake, akaitoa ile karatasi mfukoni, akaichana vipande vinne, akaviweka chini ya kikombe cha chai visipeperushwe na upepo, akamwambia kijana, "Sikudai." Basi. Hakuna hotuba iliyofuata.

Mmoja wa mashahidi ni jirani yetu Mwislamu, mtu mzima ambaye tunaheshimiana sana. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniambia, "Mwalimu wa Jumapili, umeona? Hivyo ndivyo Mola anavyosamehe. Mjomba wako hakuhitaji kumchapa mwanawe kwanza ndipo aweze kumsamehe mtoto wa mwenzake." Nilicheka kwa adabu, lakini usiku sikulala vizuri, kwa sababu mimi ndiye ninayewafundisha watoto kwamba Yesu alilipa deni letu, na sikuwa na jibu.

Nimerudi kwenye Biblia na imezidi kunichanganya. Katika Mathayo 18, yule bwana anamsamehe mtumwa wake deni la talanta elfu kumi kwa kumhurumia tu. Hakuna mtu wa tatu anayeitwa kulipa. Katika Luka 15, baba anamkimbilia mwanawe angali mbali, wala hamwulizi ni nani atakayeirudisha mali iliyotapanywa. Lakini Marko 10:45 inasema Mwana wa Adamu alikuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi, na Waebrania 9:22 inasema pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo. Ninavyoelewa mimi mambo ya madeni, na hapa mwaloni, boti zinapotia nanga, tunayaelewa vizuri, deni lililolipwa halijasamehewa, na deni lililosamehewa halijalipwa. Haviwezi kuwa vyote viwili. Na kama lililipwa, alilipwa nani? Sitaki kuwaambia watoto kwamba Mungu ana huruma pungufu kuliko mjomba wangu. Naomba msaada wa wenye elimu, na Waislamu pia wakaribishwe, kwa kuwa swali lenyewe limetoka kwao.

Mwinjilisti wa Urambo

Bwana asifiwe, ndugu. Kosa la mfano wako liko mahali pamoja: umemfananisha Mungu na mdai, wakati Maandiko yanamfananisha pia na Hakimu. Mdai ana haki ya kuchana karatasi yake mwenyewe, kwa sababu hasara ni yake na hakuna mwingine anayeguswa. Hakimu hana haki hiyo. Chukua mahakama ya mwanzo ya hapa kwetu: mtu ameiba mizinga ya nyuki ya mjane, ushahidi umetimia, na hakimu kwa roho yake nzuri anachana jalada na kumwambia mwizi aende zake. Je, kijiji kitasema hakimu yule ana huruma? Kitasema amekula rushwa. Yule mjane atalia mara mbili.

Dhambi si deni la faragha kati ya mtu na Mungu. Inavunja sheria ambayo ndiyo inayoushikilia ulimwengu. Mungu akiiacha hivi hivi, anatangaza kwamba sheria yake haina maana. Ndiyo maana Paulo katika Warumi 3:26 anasema Mungu alitaka awe mwenye haki na papo hapo awe mwenye kumhesabia haki amwaminiye Yesu. Hukumu imetolewa kweli, lakini imebebwa na mwingine. Wafundishe watoto hivyo wala usitikisike.

Ustadhi wa Ujiji

Assalamu alaykum kwa ndugu zangu Waislamu, na heshima kwa wengine wote. Namshukuru Mwana wa Mwaloni kwa kutukaribisha. Ni nadra kuitwa barazani kwa adabu namna hii katika mjadala wa dini.

Naanza na Mwinjilisti. Nakubaliana naye kwamba Mwenyezi Mungu ni Hakimu, tena Mbora wa mahakimu. Lakini mfano wake wa mahakama haujamsaidia. Amesema hakimu anayemwachia mwizi ni mla rushwa. Sawa. Je, hakimu anayemwachia mwizi na badala yake akamfunga mtu ambaye hakuiba, hata kama mtu huyo amejitolea mwenyewe kwa mapenzi yake, kijiji kitamwita mwenye haki? Yule mjane wa mizinga atapata nini kwa kuona asiye na kosa akiteseka? Kitabu chenu cha Mithali, sura ya 17 aya ya 15, kinasema kumpa haki mwovu na kumhukumu mwenye haki, yote mawili ni chukizo mbele za Mungu. Sisi tunasoma katika Suratul An'am, aya ya 164, kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Na Adam mwenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 37, alipokea maneno kutoka kwa Mola wake, akatubu, akapokewa toba yake. Mambo yakaishia hapo. Watoto wake hawakurithi hatia wala hawakusubiri kafara.

Hata hivyo nisingependa mtu adhani kwamba msamaha kwetu ni kitu cha kuokota njiani. Wanazuoni wetu wanatenganisha haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja. Katika dhambi iliyo baina ya mtu na Mola wake, toba ina masharti matatu: kuacha lile kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Ikiwa kosa limegusa haki ya mja mwenzako, sharti la nne linaongezeka, nalo ni kumrudishia haki yake au kumwomba akusamehe. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwauliza maswahaba wake kama wanamjua aliyefilisika, kisha akawaeleza kwamba ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akala mali ya yule, akampiga mwingine. Basi mema yake yatagawiwa kwa aliowadhulumu, na yakiisha kabla ya madeni kwisha, atatwikwa maovu yao. Kwa hiyo mjane wa Urambo hajasahauliwa. Mizinga yake itadaiwa, lakini itadaiwa kwa aliyeiiba.

Kuna jambo moja ambalo nitalitaja mimi mwenyewe kabla halijatajwa na wengine, kwa sababu haki ndivyo inavyotaka. Ililetwa jeneza la mtu mbele ya Mtume ili amsalie. Akauliza kama ana deni. Akaambiwa ndiyo, wala hakuacha kitu cha kulilipa. Akawaambia maswahaba wamsalie mwenzao, yeye akajizuia. Mmoja wao, Abu Qatada, akasema, "Msalie, deni lake liko juu yangu." Ndipo akamsalia. Hata leo hapa Ujiji, kabla ya maiti kuondoka, husimama mtu wa familia akatangaza kwamba yeyote aliyekuwa anamdai marehemu awaone wao, na nimeshuhudia mtoto wa kiume akijitwika deni la baba yake la mabati na saruji mbele ya umati. Kwa hiyo mtu wa pili kubeba deni si jambo geni kwetu. Lakini tazameni kilichobebwa: ni mali. Mali huhama kutoka mkono huu hadi mkono ule. Hatia haihami. Abu Qatada angeweza kulipa dinari za marehemu. Asingeweza kuwa mwongo kwa niaba ya mwongo. Hapo ndipo fundisho lenu, kwa maoni yangu, linapochanganya vitu viwili kwa sababu tu lugha imevipa jina moja.

Mama Mjoli (Sikonge, Tabora)

Mimi ni Mmoraviani, na kanisani kwetu tangu utoto nimemtazama yule Mwanakondoo aliyeshinda, mwenye bendera, kwa hiyo sina ugomvi na damu. Nataka tu kuongeza neno kuhusu Waebrania 9:22, kwa sababu watu hunukuu nusu ya mwisho na kuiruka nusu ya kwanza. Aya inaanza kwa kusema kwamba katika Torati *karibu* vitu vyote husafishwa kwa damu. Karibu. Aliyeandika alikuwa anaijua Torati, na alijua kwamba imeacha mlango.

Mlango huo uko katika Mambo ya Walawi 5. Mwenye dhambi analeta kondoo au mbuzi. Asipoweza, hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Na asipoweza hata hao, analeta sehemu ya kumi ya efa ya unga, bila mafuta wala ubani, na kuhani anauteketeza konzi moja, naye anasamehewa. Ni unga, ndugu zangu. Ukiupima ni kama kilo moja au mbili hivi, unga ambao mama wa nyumba anaujua uzito wake kwa mkono. Kama Mungu asingeweza kabisa kusamehe bila damu, maskini wa Israeli wote wangekufa na dhambi zao. Nikiisoma sura hiyo naona Mungu anayeshusha bei hadi pale mtu wa mwisho atakapoifikia, na hilo silioni katika maelezo ya Mwinjilisti, ambaye ninamheshimu.

Mwalimu Mstaafu (Tabora Mjini)

Ndugu yangu wa Kibirizi, mimi ni Mkatoliki, na nilipokuwa kijana nilipitia seminari kabla ya kuhamia ualimu, kwa hiyo nitakachosema nilikisoma zamani na nimekuwa nikikitafuna tangu hapo.

Kwanza ujue kwamba swali lako, "alilipwa nani?", si la utovu wa imani. Mababa wa Kanisa, yaani walimu wake wa karne za kwanza, waliliuliza. Katika karne ya 4 Gregori wa Nisa alijibu kwamba binadamu alikuwa amejiuza kwa shetani, na fidia ilimwendea huyo. Na mfano alioutumia utawapendeza watu wa ziwani, kwani alisema umungu wa Kristo ulifichwa ndani ya mwili kama ndoana ndani ya chambo, na shetani akameza vyote pamoja. Rafiki yake, Gregori wa Nazianzo, alikataa katakata kwamba shetani angeweza kustahili malipo ya namna hiyo, na akakataa vilevile kwamba Baba aliyataka. Mwaka 1098 Anselmi, Askofu Mkuu wa Canterbury, alimaliza kitabu chake kuhusu sababu za Mungu kuwa mtu. Humo alieleza kwamba dhambi ni kumnyima Mungu heshima aliyostahili, kwamba binadamu anadaiwa malipizi asiyoweza kuyatoa, na kwamba ni Mungu pekee awezaye lakini binadamu ndiye apaswaye, kwa hiyo akahitajika aliye vyote viwili. Kizazi kilichofuata Petro Abelardi akasisitiza kwamba msalaba unatuokoa kwa kutuonyesha upendo unaoiwasha mioyo yetu. Hoja yako ya deni lililolipwa na deni lililosamehewa ilitolewa karibu kama ulivyoitoa wewe na Fausto Sozzini katika karne ya 16, na mwanasheria Mholanzi, Hugo Grotius, alimjibu mwaka 1617 kwa kusema Mungu asitazamwe kama mdai bali kama mtawala mwenye kulinda sheria kwa ajili ya wote. Mwinjilisti wetu wa Urambo, bila shaka bila kukusudia, ni jirani wa Grotius.

Nimeitaja historia hiyo kwa sababu moja tu. Kanuni ya Imani tunayoikiri kila Jumapili, yenye mizizi katika mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, ya mwaka 325 na 381, inasema kwamba alishuka kwa ajili yetu sisi wanadamu na kwa ajili ya wokovu wetu, na kwamba alisulubiwa kwa ajili yetu. Haielezi kwa utaratibu gani. Fidia, deni, kafara, hukumu, ushindi, yote ni mifano, na kila mfano ukiuvuta kupita kipimo chake unakatika, kama kamba ya injini ya yule kijana.

Sasa nirudi barazani kwa mjomba wako, kwa maana naona mmepita haraka sana hapo. Jirani yako alisema mjomba alisamehe bila malipo. Hebu tuulize: baada ya karatasi kuchanwa, injini ilirudi? Haikurudi. Ile milioni tatu na nusu ilikwenda wapi? Haikuyeyuka kwa sababu karatasi imeyeyuka. Kabla ya jioni ile hasara ilikuwa juu ya kijana. Baada ya jioni ile ilikuwa juu ya mjomba. Nina hakika kwamba kuna misimu ya giza ambayo kipe kile kilikaa mchangani, au kilikwenda kwa kasia na kurudi na nusu ya mapato. Kwa hiyo kanuni yako kwamba deni lililosamehewa halijalipwa si kweli kamili. Limelipwa, lakini na yule yule aliyekuwa akidai. Huo ndio msamaha wote ninaoujua mimi, na sijawahi kuona mwingine: anayesamehe ndiye anayebaki na hasara mikononi.

Ndiyo maana ninampa Ustadhi haki yake yote katika jambo moja. Ikiwa Kristo ni mtu wa tatu, mtu mwema aliyekamatwa na Mungu ili apigwe badala yetu, basi Ustadhi amesema kweli, Mithali 17:15 inatuhukumu, na mfano wa mahakama unapaswa kutupwa. Lakini imani ya Kikristo haikusema hivyo. Paulo, katika barua ya pili kwa Wakorintho 5:19, anasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Mtaguso wa Kalsedoni, mwaka 451, ulikiri kwamba Kristo ni mmoja, Mungu kweli na mtu kweli. Na Mtaguso wa pili wa Konstantinopoli, mwaka 553, ukathubutu kusema kwamba aliyesulubiwa katika mwili ni mmoja wa Utatu Mtakatifu. Maana yake ni kwamba aliyekuwa pale msalabani hakuwa mwana wa jirani. Alikuwa mwenye karatasi mwenyewe. Ukiwafundisha watoto wokovu bila kuwafundisha Mungu ni nani, utawafundisha hadithi ya baba mkali na mtoto mpole, na wakikua wataikataa, na mimi nitawaunga mkono.

Neno la pembeni kuhusu lugha, kwa kuwa Ustadhi ameligusa. Katika Biblia ya Union, Mathayo 6:12 inasema "utusamehe deni zetu", lakini sisi Wakatoliki tumezoea kusali "utusamehe makosa yetu". Watu hudhani ni ugomvi wa madhehebu. Kumbe katika Kiaramu, lugha aliyoizungumza Yesu, neno moja lilibeba maana zote mbili, deni na dhambi. Kwa hiyo lugha imezichanganya kweli, lakini imezichanganya tangu Galilaya.

Ustadhi wa Ujiji

Mwalimu, nimesoma maneno yako mara mbili, na umenifurahisha kwa kusema wazi kwamba mzizi wa tofauti yetu hauko kwenye dhambi wala kwenye wokovu, uko kwenye swali la Mungu ni nani. Hapo ndipo tunapoachana, na tuachane kwa heshima.

Lakini mfano wako wa mjomba umesahau kitu. Mjomba alibaki na hasara kwa sababu mjomba ni kiumbe. Alikuwa na injini moja, ikazama, akapungukiwa. Mwenyezi Mungu hapungukiwi. Katika Hadith al-Qudsi, yaani maneno ya Mola yaliyosimuliwa na Mtume, iliyopokewa kwa swahaba Abu Dharr, anasema kwamba lau wa kwanza wetu na wa mwisho wetu, watu na majini, wangesimama mahali pamoja wamwombe, na akampa kila mmoja alichoomba, hilo lisingepunguza alichonacho ila kama sindano inavyopunguza bahari ikichovywa humo. Chukueni sindano ya kushonea nyavu pale Kibirizi, ichovyeni katika Tanganyika, kisha itoeni. Kama msamaha haumpunguzii Mola kitu, kuna hasara gani ya kubebwa, na ya nini msalaba? Mjomba alilipa kwa kuwa alikuwa maskini. Mola ni Tajiri.

Mwalimu Mstaafu (Tabora Mjini)

Ustadhi, hoja hiyo ni nzito na sitaikwepa kwa ujanja. Nasi pia tunafundisha kwamba Mungu katika umungu wake hapungukiwi wala hateseki. Ndiyo maana wale mababa wa mwaka 553 waliongeza maneno "katika mwili". Ningesema tu kwamba ziko hasara mbili. Sindano yako inaonyesha vizuri kwamba Mungu hana hasara ya mali. Lakini aliyependa mtu, na mtu huyo akamgeuzia kisogo, ana jambo lingine ambalo halipimwi kwa sindano. Sisi tunaamini kwamba alichagua kuwa na mwili ili jambo hilo alibebe kama tunavyolibeba sisi. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa ninafanya nadharia ya tano juu ya nne nilizozitaja.

Mwinjilisti wa Urambo

Nakubali kwamba mfano wa hakimu una upungufu kama Kristo akifikiriwa kuwa mtu wa nje. Hata hivyo sitauacha kabisa. Mkiniondolea hakimu mnaniachia nini cha kumwambia mjane wa mizinga? "Mungu amebeba hasara" ni neno zuri kwa mwizi. Kwa mjane bado halijatosha. Katika hilo, na nisingetarajia kuliandika, Ustadhi amenijibu vizuri zaidi kuliko Mwalimu.

Mama Mjoli (Sikonge, Tabora)

Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, alisema hayo yote kwa pamoja, Mwinjilisti. Kwanza alipokewa nyumbani mwake bila malipo, kisha mwenyewe akasimama akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Mjane alipata mizinga yake, na hakuna aliyemtuma Zakayo.

Mwana wa Mwaloni (Kibirizi, Kigoma)

Nawashukuru nyote. Baada ya kusoma maneno ya Mwalimu nilikwenda kumwona mjomba, nikamkuta anaanua dagaa, nikamuuliza kama ni kweli kwamba deni lile alililipa yeye. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama ziwa lina maji. Alisema kwamba misimu mitatu ya giza alikwenda kwa kasia, kwamba bega lake la kulia halijarudi sawa, na kwamba mtoto wake wa mwisho alichelewa kuanza kidato cha kwanza kwa wiki tano. Hakuwahi kumwambia mtu. Mimi mwenyewe, ninayeishi nyumba ya nne kutoka kwake, sikujua.

Ndipo nikamuuliza kwa nini basi aliichana karatasi, maana kijana hata hakuwa ameomba. Akasema, "Injini nilishaizika siku ile ile. Kilichokuwa kinanichosha ni yule mtoto kugeuza njia kila akiniona. Nimemfundisha mimi kushika kasia." Nikamweleza hoja ya Ustadhi kuhusu sindano na bahari, akatikisa kichwa kwa kuikubali, akasema Mungu kweli hapungukiwi na injini. Kisha akarudi kwenye dagaa wake, kwa sababu wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa Kongo.

Nimeamua kwamba Jumapili ijayo sitawafundisha watoto kwa mfano wa mahakama. Nitawasimulia habari ya karatasi na kikombe cha chai, na nitawaeleza kuhusu bega. Lakini kuna jambo moja ambalo sijui niliweke wapi katika somo hilo, na ninaliacha hapa kwa ajili ya Ustadhi, kwa kuwa ndiye aliyetaja masharti ya toba. Leo asubuhi nilimwona yule kijana akitoka sokoni na ndoo. Deni halipo, karatasi haipo, mashahidi wanajua. Alipofika karibu na baraza la mjomba, akakata kona akapita njia ya nyuma.